Zima Pale Mkono Unapofika Mlangoni

Kasereka, mdogo wangu kwa miaka na mkubwa wangu kwa kelele,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya cherehani, mlango wa karakana wazi, sikio likielekea kwako. Unajua kwamba ni mbao tu zinazotenga karakana yangu na sine yako, ukumbi wako wa filamu, na unajua nilivyolalamika miaka yote kuhusu mbao hizo. Nilisema makelele ya karate yanapindisha mshono wangu. Sasa kumetulia, mshono ungenyooka kama reli, na mimi siwezi kushona.

Watu wamekuja kunieleza kwamba ilikuwa risasi iliyopotea. Wanalisema kwa upole, kama wanaonipa pole na zawadi pamoja. Mimi nawauliza, imepotea namna gani nayo ilifika? Goma yote hii, mabati yake yote, mawe yake yote meusi ambayo hayana kazi yoyote duniani, ikayaacha ikaja kukuchagua wewe, mtu mfupi hivyo. Wananitazama, wananiambia ninywe chai.

Bado sijaelewa. Mimi niliyekimbia vita mara nyingi hadi nikajua ni sufuria gani ya kubeba na ipi ya kuacha, bado sijaelewa. Milio ilikuwa imetulia tangu asubuhi. Waasi walikuwa wameshaingia, umeme ulikuwa umekatika, mabomba yamekauka, na watu wote wa Mabanga walikuwa wanateremka ziwani na mabidoni ya kuchotea maji kama siku ya sikukuu. Ukarudi mchana, jua kali, bidoni ya njano begani, unapiga mluzi. Uliniona nimesimama hapa mlangoni ukasema, "Fundi, hilo tumbo limepona vita? Hilo njo shabaha kubwa kuliko zote hapa Mabanga."

Nilikuwa natafuta jibu. Unanijua, mimi majibu yangu huja kesho yake. Mkono wako ukafika kwenye mlango wa sine, na hapo ikawa.

Nilichokitazama kwanza ni maji. Nisamehe. Bidoni ilipasuka, maji yakaingia katikati ya mawe, nikawaza: maji haya yametoka mbali, yatapotea. Niliwaza hivyo kabisa. Kisha nikakuona wewe, nikaona kila kitu, mpaka mwisho. Hakuna aliyenifunika macho. Na jibu langu bado liko mdomoni.

Habari za nyumbani sasa. Mama Aline anakula kidogo, lakini anakula. Aline wenu alikuwa Butembo kwa masomo. Alipita njia nilizokatazwa kuzitaja mbele ya mama yake, akafika siku ya tatu ya matanga. Suti yako ya safari nilishona mimi, kwa haraka, bila kukupima, kwa kumbukumbu tu. Mikono ikazidi kwa kiasi cha kiganja. Kwa kumbukumbu yangu wewe ni mrefu, Kasereka. Ilibidi tuikunje ndani. Najua ungelitangaza jambo hilo kwenye mikro kwa mwezi mzima.

Naanza kusahau mpangilio wa mambo, ndiyo maana nayaandika. Unakumbuka ule ukumbi mkubwa wa mjini, wenye viti vya kukunjika na pazia jekundu, kabla mlima wa moto haujashuka? Tulikuwa vijana, tumevaa mashati niliyoshona kwa kitambaa kimoja kama mapacha. Filamu ilikuwa ya Kifaransa cha haraka, cha watu wenye haraka, nami Kifaransa changu kiliishia darasani kwa kupigwa. Ukaanza kuninong'oneza. "Huyu anamwambia yule: nirudishie mbuzi wangu." Niliamini. Mtu wa safu ya nyuma akakugonga bega, nikajua tunafukuzwa. Akasema, "Papa, ongeza sauti, huku hatusikii." Ndipo ulipopata kazi yako, na mimi nikapoteza rafiki wa kunong'ona naye, kwa sababu tangu siku hiyo hukunong'ona tena.

Watu wa kabila lenu huzaliwa wakiuza, na wewe ulikuwa Mnande wa pekee niliyemjua ambaye biashara ilimshinda, lakini ukalimani ulikukubali. Ulitafsiri Kichina, Kihindi, Kiingereza, na kimoja ambacho mpaka leo sijui ni cha wapi. Nilikuuliza ulijifunza wapi Kihindi. Ukanijibu kwamba mutu akilia, unajua analia kwa nini, hiyo haifundishwi. Miji yote ya ulimwengu kwako ilikuwa Butembo, Kanyabayonga na Sake. Mzungu alikuwa akishuka kwenye ndege unasema amefika Kanyabayonga na baridi inamuuma, nasi tunavuta makoti.

Na yule komanda, Kasereka. Wakati wa waasi wale wa zamani, alipokaa bangi la mbele, lile benchi la sine yako ya kwanza, bunduki juu ya magoti, akampenda mtu mbaya wa filamu. Kila yule mwenye kovu alipompiga mtu, komanda alipiga makofi. Nilikuwa nimekaa pale kwangu penye nguzo, nikaona jasho linakushuka. Basi ukaigeuza hadithi katikati: mwenye kovu akawa yatima aliyenyang'anywa shamba, na yule kijana mwema akawa mwizi wa ng'ombe wa Masisi. Tatizo likawa mwisho, kwa sababu kijana alikuwa anakuja kumuua mwenye kovu, na hilo halihitaji mkalimani. Panga lilipopanda juu ukakohoa, ukasema, "Hapa anaota. Ndoto mbaya tu. Sasa ataamuka." Ukazima jenereta. Komanda akatoka ameridhika, akakupa mkono.

Kisha mlima ukashuka. Sisi wawili na chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, juu yake televisheni yako, deki yako na cherehani yangu, tukisukumana kuelekea Mugunga, mvua ya majivu vichwani. Ulisema ukubwa wa tumbo langu unaongeza mzigo hata nikitembea kwa miguu. Lava ikaupasua mji vipande viwili, waliokuwa huku wakabaki huku, waliokuwa kule wakabaki kule. Tuliporudi, ukumbi wa viti vya kukunjika haukuwepo. Hata mahali pake hapakuwepo. Wewe ukasimama juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi, ukasema hapa pana joto la bure, hapa tujenge sine nyingine. Mwezi wa kwanza tulitazama filamu makalio yakiiva, na hakuna aliyeondoka.

Wakati huo ndipo Mama Riziki alipokuja kuuza mandazi mlangoni kwako. Nalirudia hili ingawa unalijua, kwa sababu mimi nilikuwa nalijua vibaya. Alitoka Kalengera kwa kukimbia vita, akapanga chumba hapa mjini. Siku ya mlima alikuwa sokoni upande mmoja, mwanawe Riziki alikuwa nyumbani upande wa pili. Lava ikapita katikati. Watoto wengi walipatikana baadaye, Sake, Gisenyi, hata Bukavu, wamepandishwa kwenye malori na watu wasiowajua. Riziki hakupatikana. Na kwetu hapa, pasipo mwili, nani atawasha moto wa matanga? Ukikaa matanga ya mtu asiyeonekana ni kama umemfukuza. Kwa hiyo mama huyo hakukaa. Alikaanga mandazi.

Wewe ukaenda Gisenyi ukarudi na kaseti isiyo na ganda, filamu ya Kihindi ambayo jina lake hatujalijua hata leo. Tuliiita Mama wa Mto. Mto unafurika, mama anatenganishwa na mwanawe mdogo aliyepanda juu ya mlango wa mbao, maji yanamchukua. Mama anaweka chungu cha shaba kichwani, anaanza kuzunguka miji kuuliza. Kwa sauti yako alikuwa akisema, "Mwanangu hawezi kungoja ugali upoe. Mutamutambua kwa kupuliza." Anazeeka akitembea. Mwishoni anafika kwenye nyumba yenye lango la kijani, anainua mkono, mkono unafika langoni.

Hapo ulizima. Kila mara. Ulituambia kipande cha mwisho kiliungua kwa sababu uliiacha kaseti juu ya jiwe ambalo halijapoa. Nani Goma angekubishia? Kila mmoja wetu alikuwa ameunguza kitu juu ya mawe yale, mwingine viatu, mwingine godoro. Mimi niliunguza suruali ya mteja, nawe ulimweleza mteja mwenyewe kabla yangu. Basi tulikaa gizani, mapazia ya turubai yamefungwa, jenereta kimya, na wewe bila mikro, kwa sauti ya kawaida kabisa, ukamalizia: "Lango limefunguka. Ametoka mutu murefu. Ana sahani mukononi. Anapuliza ugali." Ukaacha hapo. Watu walilia kwa raha. Mama Riziki alisimama karibu na mlango na beseni lake, sikuona uso wake kamwe, giza.

Kaseti zikapita, sidii zikapita, watoto wakaanza kutazama filamu kwenye simu wakiwa wamelala. Deki yako uliibakiza kwa ajili ya filamu ile moja. Kila vita vipya, kila watu wapya wakijaa kambini Mugunga, uliirudisha. Nilikutania kwamba unatuchosha. Sikuwa najua ninachokisema.

Mama Aline aliniita siku chache kabla ya kuondoa matanga. Hakutaka kwaya wala muziki. Alisema, "Fundi, uwawekee Mama wa Mto, na mikro uishike weye." Nikacheka kwa woga. Sauti yangu unaijua, ni ya mbuzi aliyesimama juu ya mkia wake. Lakini mjane hakataliwi. Nikaenda na Aline asubuhi moja kuijaribu deki, ambayo ilikuwa na vumbi na utando wa buibui kama mimi. Ikakubali. Tulitazama kipande cha mwisho tu. Mkono ulipofika langoni nikasema, haya, hapa ndipo panapoungua, zima. Aline alikuwa bado anatafuta swichi ya jenereta.

Haikuungua, Kasereka.

Lango lilifunguka. Akatoka msichana amevaa nguo nyeupe. Akamshika mama mkono, akampeleka ndani, na ukutani palikuwa na picha ya kijana, na picha ile ilikuwa imevalishwa shada la maua. Mimi na wewe tumetazama Wahindi maisha yetu yote, hakuna haja ya kuniambia kwamba picha yenye maua ni ya marehemu. Mama akateremsha chungu kutoka kichwani, akakiweka chini polepole. Basi. Maandishi yakaanza kupanda. Nilibaki nimeshika mikro ambayo hata haikuwa imewashwa, mdomo wazi, kama siku ile ya maji.

Aline aliniuliza kama papa yake alijua. Nikamwambia mtu hawezi kuzima mahali pamoja miaka yote kwa bahati. Binti yako akakasirika, na hasira yake ilikuwa na akili, ameirithi kwa mama yake. Alisema umemdanganya Mama Riziki. Alisema mama yule angemlilia mwanawe zamani, angepumzika, lakini kila mwaka papa anakuja kumwambia mutu murefu anapuliza ugali. "Tuiache ipite mpaka mwisho, Papa Fundi. Tumuache naye aondoe matanga yake." Nikasema hapana. Kisha nikasema pengine. Usiku huo wote sikujua kama nakutetea wewe au naitetea raha yangu mwenyewe ya gizani.

Siku ikafika. Mchana, baada ya watu kula. Sine ilijaa mpaka nje; watu wa kambi walikuja, watu wa ukoo wako walikuja, walioshinda wakitukanana kuhusu siasa wakakaa bangi moja. Mama Riziki nilimpa kiti changu cha penye nguzo. Amezeeka, beseni lake amekuwa akilibeba mjukuu wa jirani. Nilitafsiri vibaya sana. Nilimfikisha mama Kanyabayonga mara mbili. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba marehemu anageuka kaburini, mwingine akamjibu amwache muzee, anajaribu. Nilifurahi kutukanwa, nilikuhisi karibu.

Aline alisimama penye jenereta. Tulikuwa hatujaamua. Nakuambia ukweli, tulikuwa hatujaamua, alinitazama na mimi nikamtazama. Mama wa filamu akaliona lango la kijani. Akainua mkono. Niliuona mkono ule, nikauona na mwingine, wenye bidoni begani, na sikuweza kusema neno lolote, wala zima wala acha.

Mama Riziki akasimama.

"Zima," akasema.

Aline akazima. Giza, watu wakangoja. Basi yeye, kutoka pale kitini pangu, akaanza kwa sauti ya mtu anayesimulia jikoni: "Lango limefunguka. Ametoka mutu murefu." Akayasema yote kama ulivyoyasema, na alipofika kwenye kupuliza, akapuliza kidogo, fuu, na sine nzima ikasikia.

Watu walipotoka nilimfuata. Aline naye akaja, macho mekundu. Nilitaka kumweleza habari ya kaseti kwa kuzungukazunguka, nikaanzia mbali sana, kwenye ubora wa deki za zamani. Akanikatiza.

"Fundi, mwisho ule niliuona mbele yenu wote," alisema. "Siku Kasereka alipoileta tulitazama sisi wawili, mimi nikifagia. Niliiona ile picha na maua."

Aline akamuuliza kwa nini basi alikubali kudanganywa.

"Nani alinidanganya? Mimi njo nilimwambia azime. Nilimwambia, humu ndani kila mutu ana mutu wake hajui aliko. Ukiwaonyesha hii, wakitoka watakwenda wapi?" Kisha akatazama mawe. "Riziki wangu nilishamlilia, mama. Pale nyumba ilipokuwa, juu ya lava, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Sikutaka watu. Papa yako alinifuata, akakaa. Hakusema kitu."

Hakusema kitu! Wewe! Hapo ndipo nilipokaa chini kabisa, juu ya jiwe, na suruali ya sherehe. Mtu ambaye hakuweza kutunza siri ya suruali iliyoungua. Mtu aliyemtangazia mke wangu zawadi niliyomfichia. Ulikaa kutwa juu ya mawe na mama aliyefiwa, umenyamaza, kisha ukarudi, ukalibeba jambo hilo miaka yote, na mbao tu katikati yetu. Nilidhani mimi ndiye ninayekujua. Nilidhani nimekaa penye nguzo nikikuona mzima mzima. Nimeshtuka, Kasereka, na mshtuko huu ni wa aina nyingine. Ule wa kwanza ulikuchukua, huu unakuleta tena, mwingine, mrefu kuliko nilivyokushonea. Pengine mikono ile ya suti haikuzidi.

Aline hakasiriki tena. Anasema sine isifungwe. Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe: mikro nitaishika mpaka apatikane mwenye sauti ya mtu. Kaseti ile nitaiweka mbali na jua, na haitapita pale. Watu wapya wamejaa tena, kila mmoja na mutu wake. Mama Riziki ameniambia nikisahau, yeye yupo, atasema zima.

Na bado kuna jambo lako. Wanakuja, wengine kwa huruma, wengine kwa udaku, wananiuliza ulikufaje, kwa sababu mimi niliona. Mwanzoni niliwaeleza yote, maji na yaliyofuata, na kila nilipoeleza niliyaona upya. Sasa nimeacha. Naanza na jua kali, bidoni ya njano, mluzi, utani wa tumbo. Mkono wako unafika mlangoni. Hapo nazima.

Halafu wakiondoka, nikiwa peke yangu na cherehani, namalizia kwa sauti ya kawaida. Mlango umefunguka. Ameingia mutu mufupi. Ametua maji chini, hayakumwagika hata tone, anafuta jasho, anauliza nani amechezea mikro yake. Nami nina jibu, limekuja kama kawaida yangu, kwa kuchelewa. Namwambia: kweli ni shabaha kubwa, mdogo wangu. Ungepita nyuma yangu. Pangekutosha kujifichia.

Lala vizuri, na uwaache wengine huko wasikie filamu yao.

Fundi wako,
upande wa pili wa mbao